Tunauza afya kwa magunia, tunainunua kwa vichupa

 Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila nyumba hulifanya mara mbili au tatu kwa siku, nalo ni kula.

Kila Ijumaa baada ya sala, ukitoka katika misikiti iliyo kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Maili Moja mjini Kibaha hadi Mlandizi, au ukiwa Kisarawe mjini, si ajabu kukuta vijana wametandika mikeka na kupanga juu yake vichupa vya mafuta ya habasoda, pakiti za unga wa mlonge, asali, na michanganyiko ya majani ambayo karatasi zake zinataja maradhi kumi na zaidi. Hatuna ugomvi na vijana hao, kwani wanatafuta riziki. Wala hatuna ugomvi na habasoda na asali, kwani vyote viwili vimetajwa kwa kheri katika mafundisho ya dini yetu. Linalotusikitisha ni lingine. Mzee mwenye heshima zake anatoa fedha kununua pakiti ya unga wa mlonge, hali ya kuwa mlonge wenyewe umesimama kwenye ua wa nyumba yake, na wanaoufaidi ni mbuzi.

Alfajiri ya siku hiyo hiyo, magari ya mizigo yametoka Maneromango, Mzenga na vijiji vingine vya Kisarawe, yamepita Pugu kuelekea masoko ya Dar es Salaam yakiwa yamesheheni mihogo, machungwa, mafenesi, nazi na mafungu ya kisamvu. Yanaporudi, yanabeba kreti za soda, mifuko ya sembe na sukari, na madumu ya mafuta ya kukaangia. Hapo ndipo penye hoja yetu ya leo: tunauza afya kwa magunia, kisha tunarudi kuinunua kwa vichupa. Na kichupa, hata kiwe na dawa njema namna gani, hakiwezi kuziba pengo la gunia.

Tusidhani kuwa haya ni maneno ya wazee wanaosifu zama zao. Katika miaka ya 1980, watafiti walipopima watu wazima katika vijiji vya mikoa kadhaa ya Tanzania, wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu mia. Mwaka 2012 ulipofanyika uchunguzi wa kitaifa kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walioonekana kuwa na kisukari walikuwa tisa katika kila mia, na wenye shinikizo la juu la damu walikuwa robo nzima. Ni kweli kwamba tafiti hizo mbili hazikupima watu wa rika moja wala kwa njia moja, na wa pili ulijumuisha mijini na vijijini. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kulipuuza, na kila mmoja wetu akihesabu majirani zake wenye kisukari, waliopooza upande mmoja kwa kiharusi, au waliokatwa mguu, atajua kwamba takwimu hizo zimeingia hadi mtaani kwake.

Mwanachuoni wetu Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwa nini utabibu huhitajika zaidi mijini kuliko nyikani. Alisema kuwa watu wa mjini hula kwa wingi, huchanganya vyakula vya aina nyingi kwa wakati mmoja, huvuta hewa iliyochafuka na hawautaabishi mwili kwa mwendo na kazi. Watu wa nyikani, kwa upande wao, chakula chao ni kichache na chepesi, na mwendo wao ni mwingi. Zaidi ya miaka mia sita imepita, nasi tunayaona maneno hayo yakitimia mbele ya macho yetu. Kibaha, ambayo wengi wetu tuliijua kuwa ni mashamba ya mikorosho na miembe, leo ni mji mkuu wa Mkoa wa Pwani. Kisarawe imekuwa jirani wa mlango kwa mlango na jiji. Maji, umeme na shule vimetufikia, na kwa hayo tunamshukuru Mola. Lakini pamoja na neema hizo umetufikia mlo wa mjini, na miguu tumeikabidhi kwa bodaboda hata kwa safari ya kwenda dukani.

Basi tuutazame mlo tuliouacha. Mzaramo wa Kisarawe alikula muhogo wa kuchemsha au bada, akaufuatanisha na kisamvu cha nazi, kunde, choroko, mchunga, matembele au samaki mdogo wa kukausha. Alipata ukwaju, bungo, ubuyu, zambarau na embe kwa misimu yake. Muhogo peke yake ni wanga mtupu, una protini kidogo sana. Ndiyo maana bibi zetu hawakuuandalia peke yake, bali waliuweka karibu na kunde na majani. Kunde hujenga mwili, na majani ya kijani yana madini ya chuma na vitamini A. Hawakusoma elimu ya lishe darasani, lakini sahani yao ilikuwa imekamilika.

Wala hawakuwa wajinga wa hatari za asili. Muhogo mchungu na majani yake vina sumu, nao walijua kuuloweka, kuuanika, na kukitwanga kisamvu na kukichemsha kwa muda mrefu. Pale hatua hizo zinapofupishwa kwa sababu ya njaa au haraka, madhara hutokea. Wilayani Tarime mwaka 1985, watu walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Vivyo hivyo tunawahimiza watu wale dona badala ya sembe, kwa kuwa sembe imeondolewa kiini na ganda ambamo mna sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Lakini dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni sumu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo neno "asili" si hirizi. Chakula cha asili kinafaa pale kinapoambatana na ujuzi wa asili wa kukichagua, kukikausha na kukipika.

Sasa tuutazame mlo tulioupokea. Chupa moja ya soda ya kawaida, yenye mililita 350, ina sukari inayokaribia vijiko vidogo tisa. Ni baba gani atakayemwona mwanawe anatia vijiko tisa vya sukari katika kikombe kimoja cha chai asimkemee? Lakini baba huyo huyo humnunulia soda na kujiona amempenda. Chipsi tunazokula jioni hukaangwa katika mafuta yaliyorudiwa mpaka yamekuwa meusi, kisha hunyunyiziwa chumvi kwa mkono usio na kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, nazo ni sawa na kijiko kimoja kidogo, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Linashauri pia mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Hapa Pwani, ambako fenesi huozea chini ya mti, kushindwa kutimiza kipimo hicho ni aibu kwetu kuliko kwa watu wa jangwani.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tumekatazwa israfu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amefundisha kwamba mwanadamu hutosheka na matonge machache ya kumsimamisha, na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Aidha amefundisha kuwa mwili wa mtu una haki juu yake. Anayeudhulumu mwili wake kwa kuushibisha kupita kiasi hana tofauti kubwa na anayeudhulumu kwa kuunyima.

Na hapa sisi wenye kuongoza watu katika dini tujisemeze kabla hatujawasemeza wengine. Ni katika hitima, maulidi na walima ambako sinia la pilau hujazwa hadi kumwagika, na soda hugawiwa kwa kreti. Tumeyazoesha macho ya watu kuona kuwa heshima ya mgeni ni mafuta na sukari, hata mwenye shughuli asiye na uwezo hukopa ili asichekwe. Nani aliyesema kuwa dafu la shambani kwako, au maji ya ukwaju, ni kumdharau mgeni? Mwezi wa Ramadhani nao, futari ya pwani tangu zamani ilikuwa tende au maji, uji, mihogo, viazi vitamu, magimbi na kunde. Leo sahani imetawaliwa na sambusa, bagia na kalimati, na mtu humaliza mwezi wa kufunga akiwa mzito kuliko alivyouanza.

Jambo lingine hatuwezi kulinyamazia, kwa kuwa linagharimu roho za watu. Wapo miongoni mwetu wanaoacha vidonge vya shinikizo la damu, au sindano za insulini, kwa kuwa muuzaji wa kichupa amewaambia kuwa dawa za hospitali ni sumu na kwamba imani inawatosha. Hilo si fundisho la dini. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimtembelea, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif, na katika mapokezi hayo hayo zimetajwa tende za Madina. Tabibu na tende vimetajwa pamoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenzake. Serikali yetu nayo ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 ili waganga wa tiba hizo wasajiliwe na dawa zao zichunguzwe. Mwenye shinikizo la damu aelewe kuwa maradhi hayo mara nyingi hayaumi. Mtu hujiona mzima mpaka siku anapoanguka. Ale mlonge, atumie kitunguu saumu, lakini asiache dawa bila kumwona daktari, na amweleze daktari huyo majani anayoyatumia.

Tunajua jibu tutakalopewa: "Sheikh, tunauza mihogo si kwa kupenda, tunataka ada, sare na nauli." Neno hili ni la kweli na tunaliheshimu. Hatusemi watu wasiuze. Tunasema jiko litangulie gari. Kabla ya gunia kushonwa, fungu la nyumba litengwe: kunde za watoto, machungwa ya wiki, tuta moja la mchicha na matembele lisilouzwa kwa bei yoyote. Na aliyehamia kwenye kiwanja cha mjini Kibaha, asiye na shamba, anaweza kupanda mpapai mmoja, mlonge mmoja na mboga ndani ya magunia au ndoo zilizotoboka. Fedha ya soda ya wiki moja yatosha kuanzia.

Si mara ya kwanza kwa nchi yetu kuitwa katika kazi hii. Mwaka 1973 Watanzania walikusanyika katika vikundi kando ya redio kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hapa Kibaha penyewe, mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, uliogeuka kuwa Shirika la Elimu Kibaha mwaka 1970, uliweka shule, huduma ya afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Waasisi wake walielewa kuwa ujinga, umaskini na maradhi ni maadui watatu wanaotembea wameshikana mikono. Kwa nini madrasa zetu zisifanye kwa kadiri yake? Mwalimu anayemfundisha mtoto dua ya kuanza kula amfundishe pia kilicho bora kuliwa, na uwanja wa madrasa upandwe michungwa badala ya kuachwa nyasi. Maimamu wawaalike wauguzi wa zahanati kupima watu shinikizo la damu baada ya sala ya Ijumaa, mahali pale pale panapouzwa vichupa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Akina mama, ninyi ndio wenye funguo za jiko. Akina baba, ninyi ndio wenye kuamua gunia lipi lipakiwe na lipi libaki. Jambo hili halitawezekana kwa mmoja kumwachia mwenzake. Tuanze wiki hii kwa machache: soda iondoke mezani, chumvi ipungue chunguni, majani na kunde virejee kila siku, na safari fupi twende kwa miguu, hasa ile ya msikitini ambayo kila hatua yake ina malipo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azibariki mashamba yetu, na atujaalie kuitunza amana ya miili aliyotupa mpaka siku tutakapoulizwa. Amin. Wabillahi tawfiq.