Yatokanayo: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti,
Mkoa wa Pwani.

YAH: BARAZA LA VIJANA BALEHE, KATA YA MAHEGE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Mahege, na nakuandikia hadharani kwa kuwa ninachokiomba kinahusu watoto wa watu wengi, na ni vyema wazazi wao wakisome pamoja nawe. Naomba kata yetu iwe na baraza la vijana wa miaka 13 hadi 19. Liwe na ajenda yake na kaunta buku yake. Zaidi ya hayo, liwe na haki ya kujibiwa kwa maandishi, na hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Siombi kitu kigeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilianzishwa mwaka 2002. Zanzibar walitunga sheria ya baraza lao la vijana mwaka 2013, na lao linaanzia kwenye shehia. Bara, Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania mwaka 2015, ingawa miaka mingi ilipita baada ya hapo bila baraza lenyewe kuundwa. Karatasi zipo, tena za kutosha.

Kinachokosekana ni mahali pa mtu wa miaka 16. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa waliotimiza miaka 18. Ile asilimia nne ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vijana haimfikii. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, kwa hiyo ukiitisha kikao cha vijana, binti wa miaka 15 atakaa benchi moja na baba wa watoto watatu, na sote tunajua nani atazungumza. Waganda walikuwa na sheria ya mabaraza ya vijana tangu mwaka 1993, kuanzia kijijini hadi taifa, lakini nao walianza kuhesabu kwenye miaka 18. Baraza la watoto, kwa namna linavyoendeshwa mahali pengi, hukutana shuleni na chini ya walimu. Sasa yule aliyeishia darasa la saba, yule anayevua na baba yake, yule aliyejifungua akiwa kidato cha pili na bado hajapata ujasiri wa kurudi darasani, ijapokuwa serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba anaruhusiwa kurudi, hao wanakutana wapi?

Wazee wetu hawakumwacha kijana avuke umri huu peke yake. Warufiji na Wandengereko walikuwa na jando na unyago. Mtoto alipelekwa kumbini, akapewa somo au kungwi, akafundwa, kisha akatolewa mbele ya ukoo mzima akiwa amevikwa nguo mpya, na kuanzia siku hiyo kila mtu alijua nafasi yake. Sitetei yote yaliyofanyika huko, maana wapo mabinti waliotolewa ndani wakapitilizwa kwa mume. Lakini ngoma ile ilimwambia kijana kwamba sisi tumekuona na wewe ni wetu. Siku hizi ngoma zinafupishwa zimalizike kabla shule hazijafunguliwa, na mahali pengine hazichezwi kabisa. Hatujaweka kitu pale zilipokuwa.

Nawe unajua, Ndugu Mkurugenzi, kwamba eneo letu lina sababu yake ya kulijali hili. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika mfululizo wa mauaji, tulizika wenyeviti wa vijiji, watendaji, askari na raia wasio na cheo chochote. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee waliuawa askari polisi wanane. Sisemi kwamba baraza la vijana lingeyazuia yale, na ninamheshimu mno kila aliyefiwa kiasi kwamba siwezi kuandika jambo jepesi hivyo. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule sasa yuko sekondari au yuko baharini, na utoto wake aliupitia katika nyumba ambamo watu walizungumza kwa kunong'ona na milango ilifungwa kabla ya magharibi. Alijifunza mapema kwamba kunyamaza ni usalama. Kijana wa namna hiyo haanzi kuzungumza kwa sababu kaambiwa azungumze. Ataanza akiona aliyezungumza jana amepata jibu.

Nimekuwa mlezi katika vikao vya vijana kwa muda mrefu, na nitakusimulia kilichotokea katika kata moja ya mkoa huu ambayo sitaitaja. Walikutana chini ya mkorosho, mabenchi ya darasani yametolewa nje. Katibu alikuwa msichana wa kidato cha pili. Alipanga ajenda kama alivyowaona watu wazima wakipanga: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Tulipofika kwenye mengineyo akanyoosha mkono yeye mwenyewe. Akasema bomba la kijiji hufunguliwa saa moja asubuhi, na kengele ya shule hugongwa saa moja na nusu. Wanaotumwa maji ni wasichana, na wanaoadhibiwa kwa kuchelewa ni hao hao. Akaomba bomba lifunguliwe saa kumi na mbili. Ombi likaandikwa, likapelekwa kwa wahusika.

Kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo hapakuwa na kitu. Cha baada ya hapo vilevile. Katika kaunta buku jambo lile lilirudiwa kwa maneno yale yale na mwandiko ule ule, safari hii umefinywa pembeni mwa ukurasa. Kisha katibu akaacha kuja, na wenzake wakapungua mmoja mmoja. Watu wazima wakasema vijana wa siku hizi hawana ari.

Baadaye sana mmoja wa walezi alimwomba fundi wa kisima aje kikaoni, naye akaja na mafuta ya mashine mikononi. Akawaeleza kwamba pampu ni ya sola, kabla jua halijapanda haivuti, na tenki huwa limekauka tangu jioni, kwa hiyo ukifungua saa kumi na mbili utapata upepo tu. Jibu lilikuwa hapana. Laiti ungewaona! Mmoja akauliza tenki hukauka saa ngapi. Mwingine akasema basi wanaolimaliza ni wenye madumu ya kuuza. Wakabishana, wakapigiana hesabu za ndoo mchangani, wakatoka na pendekezo kwamba bomba lifungwe mapema kidogo jioni ili maji yabaki ya alfajiri, na wakamwomba mwenyekiti wa kijiji alipeleke kwenye halmashauri ya kijiji. Yule katibu alikuwa amerudi. Habari zilimfikia kwamba wamejibiwa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo ombi langu. Semina za uongozi nimeziona nyingi, zenye kalamu mpya na fulana. Sijaona semina iliyowafanya vijana wafikiri kama lilivyowafanya lile hapana lenye sababu. Mtu anajiona ni wa mahali fulani pale neno lake linapohesabiwa hapo, hata likikataliwa. Likimezwa kimya anaelewa kwamba aliitwa ili kiti kisionekane kitupu.

Kwa hiyo ombi la kwanza, na kama utanikubalia moja tu basi nikubalie hili: elekeza kwamba muhtasari wa baraza la vijana wa kata uwe ajenda ya kudumu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa kamati, alete majibu kwa maandishi kabla ya kikao cha vijana kinachofuata. Majibu yawe mafupi tu. Tumelikubali. Tumelikataa kwa sababu hii. Limepelekwa wilayani tarehe hii. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji karatasi na mhuri.

La pili ni la nani aingie. Tukiwaachia walimu peke yao watatuletea kaka mkuu na dada mkuu, wale wanaosoma risala vizuri. Ni watoto wazuri, na tayari wana mahali pa kusikika. Naomba nusu ya wajumbe wawe wasio shuleni: wavuvi, wauza samaki, vijana wa vijiweni, mama wenye umri mdogo waje na watoto wao mgongoni. Uenyekiti uzunguke. Aliyeongoza kikao hiki, kijacho aandike, cha baada ya hapo akae asikilize wenzake. Uongozi ukiganda kwa mmoja tutakuwa tumemtengeneza mheshimiwa mdogo.

Kisha kuna kalenda, ambayo mtu akiwa Dar es Salaam hawezi kuiona. Tangu Operesheni Rufiji ya mwaka 1968, iliyotuhamishia juu, watu wetu wengi wana nyumba juu na mashamba bondeni. Msimu wa mpunga familia nzima hushuka, hulala kwenye madungu, na kazi ya kuamia ndege na kufukuza nguruwe ni ya watoto. Sherehe yetu kubwa ya watoto, Siku ya Mtoto wa Afrika, huwa tarehe 16 Juni, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Ni siku ya kuheshimiwa. Ila Juni ndiyo mavuno, na wengi tunaotaka kuwasikia wako bondeni na miundu. Watoto wa Soweto hawakuandikiwa risala na mtu mzima, nasi tusiwaenzi kwa risala tuliyowaandikia watoto wetu wiki moja kabla. Vikao vifuate kilimo, na ikibidi vifanyike huko huko kwenye madungu. Siku baraza litakapokutana kiwilaya, tarehe ipangwe kwa kuangalia kujaa na kupwa kwa maji, la sivyo mjumbe wa Msala au Kiongoroni atakwama kwenye tope wakati wenzake wanafungua kikao Kibiti mjini.

Vijana hawa wanajua mengi ambayo sisi hatuyajui. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na wiki chache baadaye kimbunga Hidaya kikaja kutoka upande wa Mafia, maswali yaliyoulizwa yalikuwa mkondo upi unapitika, bibi yupi hana wa kumbeba, njia ipi imekatika. Anayeyajua hayo mara nyingi ni kijana wa miaka 15 anayepiga kafi kila siku. Mipango ya maafa ya vijiji ikiandikwa, waulizwe. Waulizwe pia kuhusu mikoko, maana wao ndio watakaoishi na delta hii ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, miaka ambayo sisi hatutakuwepo.

Fedha ninazoomba ni kidogo: kifungu kwenye mapato ya ndani cha nauli ya boti, kaunta buku, na wali wa mchana. Chakula kisidharauliwe. Kijana aliyetoka nyumbani bila kunywa hata chai hawezi kukaa kikaoni hadi saa nane. Sambamba na hilo, ulinzi uwe mkali. Kila kikao kiwe na walezi wawili, mwanamke na mwanamume, waliothibitishwa na mkutano wa kijiji na kujulikana kwa afisa ustawi wa jamii. Kikao kiishe jua likiwa juu. Na vyama vya siasa visiingie humo, chama chochote kile, wala mgombea asije kugawa mipira.

Utaniuliza kwa nini Mahege na si makao makuu ya wilaya, ambako usimamizi ungekuwa rahisi. Nakuomba Mahege kwa sababu jambo likianzia makao makuu huwa linabaki huko. Huku tutajua upesi kama linafanya kazi au halifanyi, na likifeli utakuwa umepoteza kaunta buku na wali.

Wazazi tuliozungumza nao wako tayari kuwaachia watoto, mabinti pia, mradi wajue nani yupo na wanarudi saa ngapi. Tunakusubiri wewe utamke. Ukikubali, vijana watakutana baada ya mavuno, watachagua wenyewe jambo lao la kwanza, na muhtasari utafika kwa mtendaji wa kata ndani ya wiki moja, nakala ofisini kwako. Hata kama jibu lako litakuwa hapana, waandikie na uwape sababu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa vijana,
Kata ya Mahege.