Mzaha wa Chuoni na Haki ya Mwenzako



Wakati huu ambapo watoto wetu wanafunga masanduku kwenda vyuoni, tumeikumbuka alasiri moja tuliyokaa Nyakoe, kwenye barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Kisumu. Mvua ilituzuia barazani kwa mwenyeji wetu, Mwislamu mwenzetu na mwalimu mstaafu, naye akatusimulia maskhara ya chuo cha ualimu alichosomea ujanani.

Maharagwe yalipoletwa na wadudu wake, mmoja wao alisimama akatangaza, “Leo jikoni wametuhurumia, kuna nyama!” Alikuwepo pia kijana wa Pwani aliyeiogopa baridi ya milimani. Asubuhi alichovya vidole ndooni, akajipangusa uso, basi. Wenzake wakamwambia, “Huko si kuoga, huko ni kutayamamu.” Akawajibu, “Njooni Mombasa, mtaogeshwa na jasho lenu wenyewe.” Wakacheka wote, yeye akiwa wa kwanza.

Wala tusiudharau ucheshi wa wanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong’are, ambaye ni mtu wa huko huko Gusii, pamoja na Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass. Walimwigiza Rais Moi zama ambazo wengi walichelea hata kumtaja kwa sauti, na watu waliozoea hofu wakapata kucheka.

Lakini mzee wetu alikuwa na kisa kingine. Darasani mwao alikuwamo kijana mwenye kigugumizi. Wakambandika jina “Pikipiki”, kwa kuwa kila alipotaka kusema alikuwa kama chombo kinachopigwa teke kisiwake. Kijana akaacha kuuliza maswali, kisha akaacha kula pamoja nao. Muhula uliofuata hakurudi.

“Jina lile nililitunga mimi,” mzee akasema, macho yake yakiwa kwenye migomba iliyolowa. “Sijui yuko wapi hadi leo. Nifanye nini?”

Tulimwambia kwamba haki ya mja haimalizwi kwa majuto ya moyoni peke yake. Amtafute madamu wote wawili huenda wangali hai, amwombe radhi. Asipompata, atubu kwa Mola wake, na amtaje kwa wema mbele ya wale wale waliomcheka pamoja naye.

Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwadharau wanaume, na wanawake kuwadharau wanawake, na wote kuitana kwa majina mabaya. Hata hivyo dini yetu haikuharamisha kicheko. Tirmidhi amepokea katika Shamail kisa cha bibi kizee aliyemwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, amwombee Pepo. Akamwambia kwamba vizee hawaingii Peponi. Bibi alipoondoka akilia, Mtume aliagiza aambiwe kuwa hataingia hali ya kuwa kizee, bali atarudishiwa ujana. Mzaha ule ulikuwa wa kweli, na bibi hakuachwa aende na machozi yake.

Basi akina mama na akina baba, mnapomfungia mwanenu sanduku, mwambieni acheke na wenzake. Lakini akimwona mmoja amenyamaza, amfuate usiku ule ule, kabla muhula haujaisha.

Wabillahi tawfiq.