Hesabu za Nyumbani: Namba 3,699,872

Mwezi huu twawaletea namba moja tu, nayo ni kubwa: 3,699,872. Ndiyo idadi ya watu wa mkoa wa Mwanza katika sensa ya mwaka 2022, toka Kwimba hata visiwa vya Ukerewe. Watoto wengi huiogopa namba ya tarakimu saba. Basi na tuifungue kama mvuvi afunguavyo wavu uliotatana, fundo moja moja.

Tarakimu ya mwisho ni 2, kwa hiyo namba hii ni shufwa. Tukiigawanya kwa 2 mara tano twapata 115,621, ambayo ni witiri. Je, yagawanyika kwa 3? Jumlisheni tarakimu zote: ni 44. Kwa kuwa 44 haigawanyiki kwa 3, namba yetu nayo haigawanyiki.

Utamu uko kwenye 11. Anzeni kulia, mchukue tarakimu moja na kuruka moja: 2, 8, 9 na 3 ni 22. Zilizorukwa, yaani 7, 9 na 6, nazo ni 22. Jumla hizo mbili zikilingana, au zikipitana kwa 11 kamili, namba yagawanyika kwa 11 bila baki.

Mwalimu asiidharau kanuni hii. Anayenakili namba kwa haraka huweza kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani, akaandika 3,699,782. Jumla ya tarakimu ni 44 vilevile, hivyo kipimo cha 3, hata cha 9, hakioni neno. Lakini kipimo cha 11 chaleta 21 upande mmoja na 23 upande wa pili, kosa limefichuka. Nalo si dogo: watu 90 wamefutwa daftarini, ilhali wako kwao pwani ya ziwa, wanaanika dagaa.

Tukiendelea kugawanya twabakiwa na 2 mara tano, 11, 23 na 457. Zote ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zidisheni: 32 kwa 11 ni 352; hiyo kwa 23 ni 8,096; hiyo kwa 457 ndiyo idadi yetu. Hakuna namba tasa nyingine ziwezazo kuijenga.

Nicomachus wa Gerasa, Myunani aliyeishi yapata mwaka 100, aliziainisha namba kwa jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa. Namba 6 ni kamilifu, maana 1, 2 na 3 ni 6. Namba 8 ni pungufu, maana yafikia 7 tu. Yetu ina vigawo 47 chini yake, na jumla yavyo ni 4,610,080. Basi ni miongoni mwa zilizozidi. Twaona uainishaji huu wapendeza kuliko unavyofaa kazi, lakini vijana huupenda.

Kazi ya nyumbani: watu wote wa Tanzania katika sensa hiyo walikuwa 61,741,120. Tafuteni namba tasa zake. Twawadokezea tu kwamba 3 na 11 hazimo, na 7 imo.