WADUDU WA SHAMBA: Mbawakawa Afyatukaye na Funza Wake

Msomaji mmoja, mkulima wa Subukia, ametuletea kiberiti chenye mbawakawa watatu pamoja na barua fupi. Asema alilima konde lililokuwa malisho ya ng'ombe kwa miaka mingi, akapanda mahindi, na mistari ikaota yenye mapengo. Alipofukua alikuta mbegu zimetobolewa, na kando yake funza wembamba wa rangi ya manjano. Mbawakawa hao aliwaokota juu ya ardhi palepale. Auliza: je, hao ndio wazazi wa funza wale? Na jina lao ni nani? Ataka kujua kabla ya kununua mbegu mara ya pili, na kabla ya kununua dawa.

Wawili kati ya watatu ni wa ukoo ambao wataalamu huuita Elateridae, wenye aina zipatazo 10,000 duniani. Hapa nitawaita mbawakawa wafyatukao, maana ndiyo ada yao. Mlaze chali aliye hai juu ya meza: atatulia kidogo kana kwamba amekufa, kisha utasikia sauti kali kama kijiti kinachovunjika, naye ataruka juu, pengine kufikia sentimita 30. Watoto wachungao ng'ombe wanaujua mchezo huu. Siri yake iko tumboni. Chini ya kifua pana mwiba mdogo unaoelekea nyuma, na mbele yake, mahali mwiba unapoelekea, pana shimo linaloulingana. Mdudu hujipinda hata mwiba ukakwama kwenye ukingo wa shimo. Nguvu zikizidi, mwiba huponyoka na kuingia kwa ghafla, kama mtego unavyofyatuka.

Lakini mdudu wa kiberitini amekufa, wala hataruka. Yatupasa kumtambua kwa maungo. Tazama kwanza ngao iliyofunika kifua chake: pembe zake mbili za nyuma zimechongoka na kuelekea mkiani kama miiba. Kisha mgeuze, utafute mwiba na shimo niliyoyataja. Mwili wote ni mrefu na mwembamba, umesinyaa kuelekea nyuma, na kati ya kifua na mabawa magumu pana kiungo kilicholegea. Ukikiinamisha kifua kwa ncha ya sindano, kitacheza. Kuna mbawakawa wengine wenye umbo kama hilo, wale wang'aao kama shaba au zumaridi. Kwao kifua na mabawa vimeshikana imara, wala hawafyatuki kamwe.

Yule wa tatu ndiye aliyenishughulisha. Ni mweusi, amejaa vumbi, na kwa mbali angeweza kuhesabiwa ndugu ya wenzake. Nilimtazama miguu kwa kioo cha kukuzia. Mbawakawa afyatukaye ana pingili tano katika nyayo za miguu yote sita. Huyu alikuwa na tano miguu ya mbele na ya kati, lakini nne tu miguu ya nyuma. Hiyo ni alama ya ukoo mwingine, Tenebrionidae. Neno hili si dogo, kwa kuwa ukoo huo nao una funza wa manjano, wagumu, waishio udongoni na kula mbegu na miche. Kwa hiyo kuwaona wazazi wa namna mbili juu ya konde hakuthibitishi ni funza yupi aliyekula mahindi.

Basi, funza mwenyewe ndiye shahidi wa kuitwa. Funza wa mbawakawa afyatukaye ni mgumu na mviringo kama waya, kichwa chake ni bapa, na jozi zake tatu za miguu ni fupi na zalingana. Yule wa ukoo wa pili ana kichwa cha mviringo kinachoonekana vema kutoka juu, na jozi ya kwanza ya miguu ni nene na ndefu kuliko nyingine. Sota akatao miche ni laini, na ukimgusa hujikunja. Jongoo ana miguu mingi, wala asilaumiwe kwa haraka.

Sasa jina. Wengi hudhani rangi na ukubwa vyatosha kulijua. Havitoshi. Katika ukoo huu wadudu wa kahawia wanaofanana kama maharagwe ya debe moja waweza kuwa wa aina kadhaa. Mtaalamu huangalia kigao kidogo kilicho katikati ya mashina ya mabawa: wale wa jamii ya Cardiophorus wana kigao chenye umbo la moyo. Huangalia kucha, kwani za Melanotus zina meno kama kitana. Huangalia vipapasio, na mistari ya mabawani, na mara nyingi hulazimika kupasua viungo vya uzazi vya dume. Wako wachache wanaojulikana upesi, kama Tetralobus wa Afrika, jitu la ukoo huu, ambaye dume lake lina vipapasio kama upepeo. Funza wake hukaa katika vichuguu vya mchwa, si katika mahindi.

Kwa mkulima, jina la aina laweza kungoja. Ukoo wa funza hauwezi. Konde lililotoka katika majani ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa funza hawa hukua polepole. Huko Uingereza baadhi yao hukaa udongoni miaka minne au mitano. Kabla ya kupanda tena, zika vipande vya viazi kina cha sentimita 10, uweke kijiti penye kila kipande, ufukue baada ya siku chache na kuwahesabu waliojikusanya. Kazi hii haigharimu kitu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa nchi nyingi walichanganya mbegu na aldrin au dieldrin bila kuuliza ni funza gani. Dawa hizo hudumu ardhini miaka mingi na kuingia katika maziwa. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umezikataza. Ukimpelekea afisa wa kilimo funza wenyewe, atakuwa na jambo la kukushauri.

Atakaye jina kamili aombe msaada wa Makumbusho ya Nairobi, yale yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Mbawakawa achomwe pini katika bawa gumu la kulia, asibanwe kiberitini hata miguu ikavunjika. Funza achovywe katika maji ya moto, kisha atiwe katika chupa ya spiriti. Ndani ya chupa hiyo iwekwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata, na mmea aliokutwa akiula.