Sindano Hukata Njaa, Haipiki Chakula

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Yamkini hawakuwahi kufikiria kwamba ungewadia wakati ambapo mja angetoa fedha zake kununua hali ya kutosikia njaa. Wakati huo umewadia, tena umetukuta hatujajiandaa.

Ninaye mwalimu mwenzangu, mama wa makamo, ambaye jina lake nalihifadhi. Muhula uliopita alianguka ghafla gwarideni asubuhi, mbele ya wanafunzi wake. Wapo waliodhani ni malaria, na wapo walionong'ona habari za husuda. Alipopata nafuu alitueleza faraghani, katika majilisi ya walimu, kwamba kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akijidunga sindano ya kupunguza unene mara moja kwa wiki. Hamu ya chakula ilikuwa imemtoka hata akawa anashinda kwa kikombe cha chai ya rangi na vipande viwili vya biskuti. Kilo 11 zilikuwa zimemwondokea, nasi sote tulikuwa tukimsifu kwa jinsi alivyopendeza. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza anakula nini. Aliyemuuzia dawa naye alimpa sindano, akapokea pesa, basi. Kuhusu chakula hakutamka neno.

Kisa hiki ndicho kilichonisukuma kushika kalamu. Lengo langu si kuilaani dawa, kwani dawa yenyewe ni tunda la utafiti wa miaka mingi. Lengo langu ni kuuliza swali ambalo naona linapuuzwa: mtu akishakatwa njaa, ni nani atakayemfunza kula?

Kwanza tuielewe dawa yenyewe. Matumbo ya binadamu hutoa homoni inayojulikana kama GLP-1 kila mara anapokula. Homoni hii huuarifu ubongo kuwa chakula kimetosha, huchochea kongosho kutoa insulini, na hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenda matumboni. Homoni ya asili hutoweka mwilini baada ya dakika chache tu. Wanasayansi wakatafuta inayofanana nayo ila yenye kudumu. Dawa ya kwanza ya aina hii, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya mjusi mmoja wa majangwa ya huko. Baadaye ikaja semaglutaidi, iliyoidhinishwa mwaka 2017 kwa jina la Ozempic kwa ajili ya kisukari, na mwaka 2021 kwa jina la Wegovy kwa ajili ya unene. Tirzepataidi, ambayo huiga homoni mbili badala ya moja, ikafuata mwaka 2022.

Matokeo yake si ya kubezwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha watu wazima 1,961, waliodungwa semaglutaidi kwa wiki 68 walipoteza kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, ilhali waliodungwa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 2.4 pekee. Mwaka 2023 jaribio jingine, la watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na uzito uliozidi, lilionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya kushikwa na mshtuko wa moyo, kupata kiharusi au kufa kutokana na maradhi ya moyo na mishipa. Kwa hivyo anayesema kwamba sindano hizi ni za wavivu hajui asemalo. Unene wa kupindukia ni maradhi, na mgonjwa hachekwi kwa kutafuta tiba.

Hata hivyo, kila shilingi ina pande mbili. Mwili unaopungua haupotezi mafuta peke yake. Sehemu ya uzito unaotoka, ambayo tafiti kadhaa zimeikadiria kuwa kati ya robo na theluthi moja, na wakati mwingine kuzidi hapo, si mafuta bali ni misuli na tishu nyinginezo zisizo za mafuta. Misuli ndiyo inayotuwezesha kupanda ngazi, kubeba ndoo na kusimama darasani tangu asubuhi hadi jioni. Anayekonda kwa kuipoteza hupata umbo jembamba na udhaifu mkubwa. Isitoshe, dawa ikisitishwa njaa hurudi. Washiriki wa jaribio lile la mwaka 2021 walipofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerejesha takriban theluthi mbili za uzito waliokuwa wamepoteza. Mtu ambaye hakujifunza kula wakati njaa ilipolala atakula vipi itakapoamka?

Hapa ndipo lishe inapoingia, na hapa ndipo nasi Wakenya tuna bahati tusiyoitambua. Chakula kinachomfaa mtu aliye katika tiba hii hakiko katika makopo ya unga yanayoagizwa kutoka ng'ambo. Kiko sokoni Gikomba, Kongowea na Kibuye.

Kanuni ya kwanza ni protini. Kwa kuwa mtumiaji wa dawa hii hushiba haraka, kila tonge lina thamani, na protini yapasa kutangulia kuingia kinywani kabla ya ugali au wali. Wataalamu wengi wa lishe hushauri mtu mzima anayepunguza uzito alenge gramu 80 hadi 120 za protini kwa siku, ingawa mwenye maradhi ya figo sharti amsikilize daktari wake kwanza. Kiwango hicho si ndoto. Yai moja lina takriban gramu 6. Bilauri ya maziwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au yaliyoganda, ina gramu 8 hivi. Kikombe cha maharagwe au ndengu zilizopikwa kina takriban gramu 15, na kipande cha samaki au nyama cha gramu 100 kina gramu 25 hivi. Mayai mawili na bilauri ya maziwa asubuhi; kikombe cha ndengu na bilauri ya maziwa lala adhuhuri; konzi ya njugu alasiri; kipande cha samaki pamoja na mboga na ugali kidogo jioni: hesabu hiyo inakaribia gramu 80. Na omena, wale tuliozoea kuwaita chakula cha mkata, wakiwa wamekaushwa karibu nusu ya uzito wao, au zaidi, ni protini tupu.

Kanuni ya pili ni mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Kwa vile tumbo linamwaga chakula polepole, wengi wanaotumia sindano hizi hulalamikia kufunga choo. Sukuma wiki, managu, terere, mchicha, kunde, viazi vitamu vilivyochemshwa na uji wa wimbi vina nyuzinyuzi zinazosaidia kuondoa adha hiyo, pamoja na vitamini na madini ambayo anayekula kidogo huyakosa upesi. Maji nayo yasisahauliwe. Aliyezoea kunywa anapokula, akiacha kula, huacha na kunywa pia. Sitashangaa iwapo kilichomwangusha mwenzangu gwarideni kilikuwa ukosefu wa maji kama ulivyokuwa ukosefu wa chakula.

Kanuni ya tatu ni adabu ya kula. Haba na haba hujaza kibaba. Sahani iwe ndogo, tonge litafunwe sawasawa, na dalili ya kwanza ya kushiba iheshimiwe. Chipsi, mandazi na nyama yenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na ndivyo vinavyozidisha kichefuchefu na kutapika, hasa katika majuma ya mwanzo na kila kipimo cha dawa kinapoongezwa. Pamoja na hayo, misuli haijengwi kwa chakula pekee. Haina budi kufanyishwa kazi: kushika jembe, kuinua mizigo kiasi, kuchuchumaa na kusimama mara kadhaa kila siku.

Najua kuna watakaoniuliza kwa nini nayaandika haya ilhali dawa yenyewe ni ghali na Wakenya wengi hawana hata uwezo wa kuinunua. Hoja hiyo ina mashiko. Utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wetu walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa mno waweza kuwakuta katika nyumba moja, wakila sufuria moja. Mikasa hii miwili ina chanzo kimoja: chakula kinachojaza tumbo bila kuujenga mwili.

Isitoshe, bei haitabaki pale ilipo. Hataza ya semaglutaidi inafikia kikomo mwaka 2026 katika mataifa kadhaa, India na Brazil yakiwamo, na viwanda vya India ndivyo vinavyotuletea sehemu kubwa ya dawa tunazotumia. Shirika la Afya Duniani nalo, mnamo Septemba 2025, liliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene. Mnamo Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo kuhusu matumizi yake katika kutibu unene, likisisitiza kwamba dawa iandamane na ushauri wa lishe na mazoezi. Mto unakuja. Kinachosalia ni kuamua iwapo tutajenga daraja kabla ya mafuriko au baada yake.

Kwa maoni yangu, daraja hilo lina nguzo tatu. Mosi, Bodi ya Famasia na Sumu izidishe makali dhidi ya wanaouza sindano hizi bila agizo la daktari. Hatari si nadharia tupu, kwani mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia iliyogunduliwa katika mataifa matatu. Dawa hizi zaweza kuleta matatizo ya kongosho na mawe ya nyongo, hazifai kwa mja mzito, na zikichanganywa na insulini zaweza kushusha sukari mwilini kupita kiasi. Pili, kila anayeandikiwa sindano aonane na mtaalamu wa lishe kabla ya kutoka hospitalini. Tatu, shule zetu zirejeshe heshima ya somo la upishi na lishe, ambalo kwa miaka mingi limechukuliwa kuwa la wasichana wasiojua hesabu.

Nanyi wanafunzi, hasa mabinti, nawasihi. Picha za miili myembamba mnazoziona simuni hazisemi ni nani aliyezimia nyuma ya kamera. Dawa ya mgonjwa si pambo la mzima.

Mwalimu mwenzangu angali anajidunga, sasa chini ya uangalizi wa daktari. Kila saa nne asubuhi hufungua kibweta chake majilisini, akatoa mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya maziwa lala, akala taratibu huku akisahihisha madaftari. Anapungua polepole kuliko awali, lakini anasimama imara darasani. Nasi tumejifunza kumwuliza, kabla ya kumsifu kwa kukonda, iwapo amekula.