MAJI YA NGAMANI SIO FARUMI!

Ndugu wanachama,

Kuna maneno yamezuka hapa pwani, na tusipoyakata mapema yatatuzika. Mashua ya ushirika inavuja, kila mtu anajua. Mabaharia wanakumba maji tangu wanatoka mpaka wanarudi. Lakini ukiuliza mbona haitiwi kalfati, unajibiwa: "Ah, acha yawemo kidogo, yanakipa chombo uzito. Hiyo ni farumi ya bure." Wengine wanaongeza eti hata Wazungu wanatia maji ndani ya mashua zao makusudi.

Haya, tulipime neno hili.

Ni kweli, Ulaya na Marekani zipo mashua ndogo za tanga ambazo farumi yake ni maji. Lakini maji yale yamefungwa ndani ya tangi, chini kabisa, na tangi linajazwa mpaka juu isibaki hewa. Yakijaa hivyo hayana pa kukimbilia, yanatulia kama jiwe. Tangi likivuja likabaki nusu, maji yanaanza kucheza, na mwenye akili analiziba kabla ya kutweka tanga. Kumbe hata huko maji yanayotembea ni adui!

Maji yetu ya ngamani nani kayafunga? Upepo ukikilaza chombo upande mmoja, nayo yanakimbilia upande uleule. Jiwe hukaa pale ulipoliweka, likakivuta chombo kisimame. Maji yanakwenda kuusaidia upepo. Debe moja ni lita 20, yaani kilo 20 na zaidi. Madebe 10 ni kilo 200: kama watu wazima watatu wanaohamia upande unaozama. Hiyo ndiyo farumi?

Anayedhani haya ni mambo ya vyombo vidogo tu, asikie. Tarehe 6 Machi 1987, meli Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi. Maji yakaingia sitaha ya magari, yakakimbilia upande mmoja, na meli ikapinduka kwa muda mfupi. Watu 193 walikufa. Ile ni meli ya chuma, sembuse mashua ya mbao!

Sasa tunaambiwa hakuna fedha, pamba na shahamu ni ghali. Jamani, mtu aliyeshika ndoo ya kukumbia maji atavuta wavu saa ngapi? Tunalipa kila siku kwa samaki tusiowavua, halafu tunasema tumeokoa fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku baharini ukuta hauna pa kujengwa.

Kwa hiyo tunataka hivi:

1. Bamvua lijalo, maji yakikupwa, mashua ipwelewe. Imwagiwe maji ndani, watu watazame nje yanapochuruzika, watie alama kwa mkaa. Kuziba bila kutafuta tundu ni kazi bure.

2. Pamba iliyooza itolewe yote, ndipo itiwe mpya iliyoloweshwa mafuta. Kama mbao zimekauka juani, isishindiliwe mno. Mbao zikirudi majini zinavimba, zikikosa nafasi zinasukumana mpaka misumari inalegea.

3. Misumari iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Kalfati haishiki kwenye ubao unaocheza.

4. Saruji isiguse chombo! Mbao zinajinyoosha na kujikunja, saruji haiwezi. Inapasuka, na nyuma yake ubao unaoza bila kuonekana.

5. Chini ipakwe deheni ya shahamu na chokaa.

6. Farumi iwe mawe, au viroba vya mchanga, na vibanwe visitembee. Ngama ibaki kavu.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi turejee ngamani sasa hivi, mashua ikiwa mchangani, tusingoje kurejea tukiwa kilindini.

Kamati ilete neno hili mkutano ujao, liwe la kwanza, si la "mengineyo". Na yule atakayesimama tena kusema maji ni farumi, tusimpigie kelele. Tumkaribishe atoke na mabaharia siku ya kusi kali, akae upande unaolalia, atuambie akirudi.

Ukishasoma, msomee na mwenzako asiyeona vizuri.

Mwanachama mwenzenu