Sindano ni ya Nani?

Mwezi wa pili wa mwaka huu mvulana mmoja wa darasa langu la nne hakuonekana shuleni siku nne. Siku ya tano alikuja, akaketi dawati la mwisho, mgongo ukutani, na nilipomwita aje ubaoni afanye hesabu hakuinuka. Nilidhani ni ukaidi, nikamwita mara ya pili kwa sauti ya ukali. Akaja akiufuata ukuta, mikono yote miwili ikiwa nyuma. Na alipoinua mmoja ashike chaki, darasa zima likacheka, maana kaptula yake ilikuwa imefumuka mshono wa nyuma, tangu kiunoni hata chini. Aibu ya siku ile ni yangu kuliko yake, nami sijaisahau.

Jioni nikaenda kwao. Nikamkuta baba yake barazani pamoja na ndugu zake wawili na kijana wake mkubwa, jumla wanaume wanne. Tulipokwisha kuamkiana nikaeleza neno lililonileta. Baba akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mama yake amekwenda kumwuguza dada yake. Akirudi atashona." Nikauliza amekwenda lini. Akasema, yapata siku kumi. Hapo ndipo nilipoazimia kushika kalamu. Wanaume wanne wazima, wenye macho na vidole, wameshindwa na mshono wa urefu wa shibiri moja, na mtoto amepoteza siku nne za masomo akingoja mwanamke arudi safari!

Nasema wazi, na atakayeudhika na audhike: mzazi asiyemfundisha mtoto wake kushona, mvulana sawasawa na msichana, amemtoa ulimwenguni akiwa na pengo. Tena nasema afundishwe nyumbani, sisemi shuleni, na sababu nitaitoa.

Jibu la kwanza nitakalopewa nalijua, maana nimekwisha kupewa mara nyingi: kushona ni kazi ya wanawake. Haya, twendeni gulioni. Ni nani aketiye barazani pa duka nyuma ya cherehani, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni? Katika vijiji vingi nilivyofundisha ni mwanamume, mwenye mke na watoto, na heshima yake ni kamili. Huyo humshonea mkeo gauni, nawe humlipa fedha, wala hujamcheka hata siku moja. Kumbe basi kazi ile ile ni ya kiume ikiwa na malipo, na ni ya kike ikiwa ni ya bure! Wenye fikira na waseme kama hiyo ni desturi au ni uvivu uliovikwa nguo za desturi.

Na wale wapendao kututajia wazee wa zamani, nami nitawatajia wazee. Kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo chasimulia bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki iitwayo Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Wataalamu wangali wakibishana ilikuwa mahali gani hasa, na wengi wao huitafuta katika pwani ya Tanzania. Wala vyombo hivyo havikwisha zamani zile. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, ukatwekwa tanga la mkeka, ukaendelea kusafiri hata karne ya ishirini ilipoanza. Walioushona ni wanaume, na baada ya kuushona walipanda ndani yake, wakaingia bahari kuu, wakiuamini uzi wao wenyewe. Mtu na ajaribu kuwaambia hao kwamba kushona si kazi ya kiume.

Kanisani nako hufanya vivyo hivyo. Tabitha wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo, hutajwa kila mara wanapokutana akina mama. Lakini sura tisa tu mbele, katika kitabu kile kile cha Matendo, twamkuta Paulo kule Korintho akifanya kazi ya mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila, yaani mume na mke na mgeni wao, wote kazi moja. Sijapata kusikia sura hiyo ikielezwa katika mkutano wa akina baba.

Wako wengine ambao huja juu wakijisifu kwamba wao hufundisha, angalau binti zao. Nimeingia katika nyumba zao, nikaona walilofundisha. Msichana wa miaka kumi na miwili amedarizi maua ya rangi nne juu ya kitambaa cha kiti, na ndege pembeni, kazi nzuri kweli, sikatai. Vitambaa vya namna hiyo vimefunika kila kiti na meza, hata redio imevikwa. Ukitazama mlangoni, mdogo wake amesimama na shati lisilo na kifungo hata kimoja, amelikaza kwa mwiba. Kiti kimevaa, mtoto yu kifua wazi! Binti huyo ukimpa suruali iliyochanika gotini hajui kiraka kiwekwe nje au ndani, maana hakuna aliyemwonyesha. Alifundishwa kushona ili wageni waone. Na awe hodari wa maua, lakini na aanze kwa kifungo.

Liko na jambo lingine, nitalisema kwa adabu bila kulificha. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo huweza kukosa shule kila mwezi kwa kukosa vitambaa vya kutumia. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha, ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Kodi ikitoka au ikirudi, msichana ajuaye sindano hukata kanga kuukuu au flana ya pamba, akaikunja tabaka kadhaa, akaipinda kingo zote, akawa na vitambaa vya kutosha vya kufua kwa sabuni na kuanika juani. Mama asiyemfundisha binti yake hilo, maua ya viti yatamsaidia nini?

Jibu la pili ni la mitumba. Nguo ni rahisi gulioni, wasema, ya nini kuhangaika na viraka? Mtu huyo na ajiulize kwa nini shati lile lilikuwa rahisi. Mara nyingi limepungua vifungo, au mshono wa kwapa umeachia, au ni pana mno. Mwenye sindano hulinunua kwa bei ndogo akalitengeneza jioni ile ile. Asiye na sindano hununua zima kwa bei kubwa, au huvaa bovu. Tena mitumba haikuahidiwa kwetu milele. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuiondoa sokoni kidogo kidogo. Rwanda ikaongeza ushuru kwa nguvu, hata Marekani ikaziondolea nguo zake nafuu ya kodi mwaka 2018, na nchi nyingine zikarudi nyuma. Sisemi nani alikuwa na haki. Ninaloona ni kwamba mavazi ya watoto wetu hushindaniwa mahali ambapo sisi hatupo, lakini sindano i mkononi mwetu.

Jibu la tatu ndilo linigusalo mimi: mwalimu atawafundisha. Ndugu zangu, darasani kwangu wamo watoto 71. Nikiwagawia sindano 71, kwa macho yangu mawili, kabla ya kengele kulia nitakuwa nimepata vidole vilivyochomwa, na sindano tatu au nne zimepotea sakafuni wanapopita watoto wasio na viatu. Naweza kueleza ubaoni mshono ni nini, kama niwezavyo kueleza kuogelea. Lakini nyumbani yuko mtoto mmoja au wawili, na mtu mzima mmoja, na nguo iliyochanika kweli, ambayo asubuhi itavaliwa. Mambo hayo matatu shule haina. Tangu mwaka 2016 mzazi wa Tanzania halipi ada katika shule ya serikali hata kidato cha nne, lakini sare bado ni juu yake, na sare isiyotengenezwa haimalizi mwaka.

Mimi nilifundishwa na babu mzaa mama, aliyekuwa akishona magunia ya mahindi wakati wa mavuno. Hakunipa sindano ndogo. Alinipa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba ya mgomba, nami nilikuwa na miaka sita au saba. Nadhani hiyo ndiyo njia iliyo bora hata leo. Tundu la shazia mtoto aliona, ncha yake si kali mno, na gunia lina matundu yaonyeshayo pa kupita. Akishona mstari ulionyoka, apewe sindano ya kawaida na kitambaa chakavu, apige bandi, yaani mishono mirefu ya kupita tu. Uzi usizidi urefu wa mkono wake, maana uzi mrefu hujifunga mafundo na mtoto hukata tamaa. Upitishwe juu ya nta, au mshumaa, uteleze. Kisha afundishwe mshono wa kurudi nyuma nusu hatua kila mara, ambao ndio hushika kaptula. Na kifungo, kisikazwe hata kikaubana ubao wa shati, bali kiachiwe shingo kidogo ya uzi. Asiye na subana ya kidoleni na atumie kipande cha ngozi. Sindano zihesabiwe kabla ya kulala na kuchomekwa katika kitambaa kimoja, hasa nyumba yenye mtoto atambaaye.

Lakini ugumu wa kazi hii hauko katika sindano, uko katika moyo wa mkubwa. Mtoto atashona vibaya. Mishono yake itakuwa kama nyayo za kuku matopeni. Nimeona akina mama wengi, tena wema, ambao mtoto akisha lala huchukua kazi yake, huifumua yote, wakaishona upya kwa uzuri, wakaiweka pale pale. Asubuhi mtoto huona. Hasemi neno, lakini amekwisha kujua kwamba mikono yake haina thamani katika nyumba ile, na safari nyingine ukimwita atasema anakwenda kuchota maji. Mwacheni aende shuleni na mshono wake mbaya! Ukiachia, ataushona tena mwenyewe, na wa pili utakuwa afadhali. Mimi mwalimu nikikuta mshono kama huo katika sare sitauliza kwa nini ni mbaya. Nitauliza ni nani aliyeshona.

Na yule mvulana? Jioni ile sikuondoka mpaka nimetoa sindano niliyokuwa nayo katika ukosi wa koti, na uzi mweusi uliozungushwa juu yake, kaptula ilikuwa ya samawati lakini hatukuwa na mwingine. Baba yake alicheka, akanitazama aone kama nafanya mzaha, akaona sifanyi. Alishona mwenyewe, kijana mkubwa akimshikia taa, na mvulana mwenyewe amejifunga kanga ya mama yake, akimwonyesha baba mahali alipokosea. Ulikuwa mshono mbaya sana, mnene kama kovu. Juma lote mtoto alikuja shuleni, na ubaoni alikwenda bila kusukumwa.

Nasikia mama aliporudi aliufumua. Hilo nalo nitakwenda kulisema.